Kusajili Alama Ughaibuni: Wapi Ulipe, Wapi Uache

Ukitaka kusajili alama ya biashara China kwa kundi moja la bidhaa, ofisi yao inakutoza yuan 270 ukiomba kwa mtandao. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, na hesabu hiyo ndiyo nitakayoitumia hadi mwisho, hazifiki laki moja. Kazi hiyohiyo katika Falme za Kiarabu, kuanzia maombi na tangazo hadi cheti, hula zaidi ya dirham 6,000 kwa ada za serikali peke yake: milioni nne na kitu. Katikati wamejipanga Marekani kwa dola 350, Umoja wa Ulaya kwa euro 850, na Uingereza, ambako ada ilikaa kwenye pauni 170 kwa miaka mingi hadi ofisi yao ikatangaza kuipandisha kuanzia Aprili 2026. Wewe weka pauni 200 na ushee, uwe salama.

Ukizisoma namba hizi kama bei za dukani utachukua cha rahisi na kuondoka, au utaona mambo haya ni ya makampuni makubwa na kuachana nayo. Ada ya ofisi huwa sehemu ndogo tu ya gharama, na nchi unayoiota kama soko mara nyingi siyo itakayokuumiza kwanza. Biashara nyingi ndogo za huku kwetu mzigo wake hutengenezwa mahali pamoja, hupita forodha mbili, kisha huuzwa mahali pa tatu. Kama fedha ni chache, na huwa ni chache, ziende kwanza pale ambapo mtu mwingine mwenye cheti cha jina lako anaweza kuusimamisha mzigo huo.

Nyumbani, mara mbili

Haki ya alama huishia mpakani. Cheti cha BRELA hakina nguvu hatua moja baada ya Namanga, na pamoja na soko letu lote la pamoja, Jumuiya ya Afrika Mashariki haina alama moja inayosajiliwa mara moja ikatambuliwa na wanachama wote. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba cheti hicho hakina nguvu Unguja wala Pemba pia. Bara inatumia Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na msajili ni BRELA. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008, na msajili ni BPRA. Mama anayepika sabuni ya mwani Paje na kuiuza Dar es Salaam anahitaji maombi mawili, sawa na mchoma kahawa wa Moshi anayepeleka pakiti zake kwenye hoteli za Nungwi. Huku ada huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi.

Kuna sababu ya pili ya kuanza nyumbani, na ndiyo inayohusu ughaibuni moja kwa moja. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unampa mwombaji miezi sita ya kipaumbele. Ukiwasilisha maombi BRELA tarehe 3 Machi, unao muda hadi tarehe 3 Septemba kuomba China, Marekani au Ulaya, na huko utahesabiwa kana kwamba ulifika tarehe 3 Machi. Aliyeomba jina hilo mwezi Mei atakukuta mbele yake kwenye foleni. Kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ni miezi sita ya kuonja soko na kutafuta fedha bila kupoteza nafasi. Sharti ni kuutamka huo upendeleo ndani ya maombi yenyewe na kuleta nakala iliyothibitishwa na msajili wa nyumbani. China inaitaka nakala hiyo ndani ya miezi mitatu tangu uombe kwao, kwa hiyo iagize mapema, usisubiri wiki ya mwisho.

Kabla ya yote, tafuta. Kutafuta hakuna malipo: shirika la dunia la mali za ubunifu, WIPO, lina hazina ya alama iliyo wazi kwa yeyote, Ulaya ina TMview, na ofisi ya Marekani ina ukurasa wake wa kutafutia. Jioni moja ya kuandika jina lako kwa tahajia zake zote, herufi ikiongezwa au ikipunguzwa, huokoa milioni kadhaa. Ofisi karibu zote hazirudishi ada maombi yakikataliwa.

Na usidhani jina la kwetu halina wa kulitamani. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba neno "kikoy" liwe alama yake. Maombi hayo yangepita, wafumaji na wauzaji wa Kenya wangeweza kujikuta wanaomba ruhusa ya kuuza vikoi London kwa jina la vikoi. Shirika la Traidcraft na mawakili waliojitolea waliweka pingamizi, na kufikia 2008 maombi hayo yakawa yameanguka. Pwani nzima ilibahatika kwamba kuna aliyekuwa anasoma matangazo ya ofisi ya Uingereza. Duka moja la Mombasa halina mtu wa kazi hiyo.

China: rahisi kulipa, ghali kupuuza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wafanyabiashara wetu wanapopoteza zaidi bila kujua. Mtu wa Kariakoo anaagiza chaja, taa za sola au viatu kutoka Guangzhou au Yiwu. Mwanzoni huchukua mzigo wenye jina la kiwanda. Ukimtokea vizuri, safari inayofuata anaagiza uchapwe jina lake mwenyewe kwenye boksi na kwenye bidhaa. Jina linapata wateja Dar, Mwanza, Lubumbashi. Anakwenda BRELA, anasajili, anapumua. China haimjii akilini kabisa, kwa kuwa huko hauzi hata kipande kimoja.

Sheria ya China humpa jina aliyetangulia kuomba, wala haiulizi nani alianza kulitumia. Mwenye kiwanda, binamu yake, au mtu baki aliyeona boksi lako likipakiwa anaweza kuliomba kwa yuan 270 zilezile. Marekebisho yaliyoanza kutumika Novemba 2019 yanaruhusu ofisi kuyakataa maombi ya nia mbaya yasiyo na kusudi la kutumia alama, na yamewapunguza walanguzi. Lakini kiwanda kinachotengeneza chaja kinaweza kudai kwa urahisi kwamba kina kusudi la kuitumia alama ya chaja. Ukubwa wa kampuni nao si kinga. Mwaka 2012 Apple ililipa dola milioni 60 kumaliza ugomvi na kampuni ya Shenzhen iliyokuwa imesajili jina iPad kabla yao.

Tatizo linafika Kariakoo kupitia bandarini. Forodha ya China hukagua mizigo inayotoka pamoja na inayoingia, na mwenye alama akiiandikisha kwao wana mamlaka ya kuuzuia mzigo uliobeba jina hilo. Kwa miaka mingi mawakili walibishana kama bidhaa zinazotengenezwa China kwa ajili ya kusafirishwa zote nje zinaweza kuvunja haki ya alama ya China, maana hakuna Mchina anayeziona dukani. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Watu ilitoa uamuzi katika kesi ya Honda. Pikipiki zilizoandikwa HONDAKIT zilikuwa zinapelekwa Myanmar, na aliyeziagiza alikuwa na haki ya jina hilo kwao Myanmar. Mahakama ilisema bado ni uvunjaji. Kwa lugha ya Kariakoo, cheti chako cha BRELA hakitalitoa kontena lako kwenye bandari ya Nansha ikiwa jina lililoandikwa kwenye maboksi lina mwenyewe China.

Gharama ya kujikinga basi ni ipi? Mgeni asiye na makazi China lazima apitie wakala wa alama aliyesajiliwa huko, na wengi hutoza kati ya dola 100 na 300 kwa kundi. Ukijumlisha na ada ya serikali, kwa kundi moja unatoka chini ya milioni moja. Tafsiri ya jina na anwani ya mwombaji kwa Kichina wakala ataifanya, ila isome, na majina ya pasi au ya cheti cha kampuni yalingane herufi kwa herufi. Ofisi ina hadi miezi tisa ya kuchunguza, kisha alama hutangazwa miezi mitatu kwa wenye pingamizi. Mwaka mmoja, kwa ujumla.

Jambo moja la kiufundi limewaangusha wengi. Ulimwengu hupanga bidhaa na huduma katika makundi 45: sabuni ni la 3, chaja la 9, taa la 11, nguo na viatu la 25, kahawa na viungo la 30, kupeleka watalii la 39, hoteli na migahawa la 43. China huyagawa makundi hayo tena katika vijikundi, na mchunguzi hutazama kijikundi. Chaja, spika na kava za simu, ambazo kwetu hukaa rafu moja, kwao ziko vijikundi tofauti ndani ya kundi la 9. Ukisajili chaja tu, mwingine anaweza kuchukua jina lako kwa spika. Ada ya yuan 270 inaruhusu bidhaa hadi kumi, na kila inayozidi ni yuan 27. Kwa hiyo usikubali wakala aandike "chaja za simu" akafunga. Mwambie azitawanye zile kumi katika vijikundi vyote unavyoweza kuvifikia baadaye, kwa bei ileile. Wakala mzuri atakupendekezea hilo kabla hujauliza, nami humpimia hapo.

Mlango wa Madrid na nani anaruhusiwa kuingia

Kila atakayekuuzia huduma hii atakutajia Madrid. Ni mfumo unaosimamiwa na WIPO huko Geneva: maombi mamoja, lugha moja, malipo mamoja, nchi nyingi. Ada ya msingi ni faranga za Uswisi 653 kwa alama isiyo na rangi na 903 kwa yenye rangi. Juu ya hiyo unaongeza ada ya kila nchi unayoitaja. Baadhi hutoza faranga 100 tu, na nyingine zimejiwekea ada yao. WIPO ina kikokotoo cha bure mtandaoni. Kitumie siku ya kulipa, kwa sababu ada za nchi hupanda na kushuka na faranga.

Tatizo ni mlango. Madrid humkubali mwombaji ambaye ni raia, mkazi au mwenye biashara halisi katika nchi mwanachama. Kenya iliingia mwaka 1998 na Rwanda mwaka 2013. Tanzania haimo. Uganda, Burundi na Kongo hazimo pia. Mchoma kahawa wa Nyeri anaweza kuomba kupitia KIPI, ofisi ya Kenya ya mali za ubunifu, kesho asubuhi. Mwenzake wa Moshi hawezi. Wapo wanaoshauri ufungue kampuni Nairobi ili kuukwepa ukuta huo. Kama una ghala, wafanyakazi na mauzo Nairobi, fanya. Kama ni sanduku la posta na jina kwenye karatasi, acha. Sharti ni shughuli ya kweli, na mpinzani akitaka kuuangusha usajili wako ataanza hapo.

Anayekula vizuri zaidi katika ukanda wetu ni Mnyarwanda. Waombaji wanaotoka nchi zilizo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi hulipa asilimia 10 ya ada ya msingi: faranga 65 badala ya 653. Rwanda imo katika orodha hiyo na imo Madrid, hivyo mtengeneza vipodozi wa Kigali anapita kwa bei ambayo Mkenya haipati, maana Kenya haimo katika orodha. Tanzania imo katika orodha lakini haimo Madrid, kwa hiyo punguzo limewekwa mezani na sisi tuko nje ya chumba. Wizara husika ingekuwa na jambo la kueleza hapo.

Kwa Mkenya, hesabu iko hivi. Zile faranga 653, kama dola 800 kwa thamani ya karibuni, ndizo nauli ya kuingia. Akienda nchi moja, Madrid ni ghali kuliko wakili wa huko. Nchi mbili, karibu sawa. Kuanzia tatu kwenda juu Madrid inaanza kulipa, kwa sababu wakili wa nchi husika anahitajika pale tu ofisi inaporudisha maombi. Marekani ndiyo inayorudisha sana, hasa kwa maelezo ya bidhaa. Ukiandika "vinywaji" watataka kujua vinywaji gani. Na kuna hatari ambayo wauzaji wa huduma huipitia haraka: kwa miaka mitano ya kwanza usajili wa kimataifa unategemea ule wa nyumbani. Mshindani akiiangusha alama yako KIPI ndani ya muda huo, nchi zote zinaanguka pamoja. Unaweza kuzigeuza kuwa maombi ya nchi mojamoja ndani ya miezi mitatu, kwa kulipa upya. Kwa hiyo kama jina lako la nyumbani lina ugomvi, au linafanana na la mtu, usilijengee ghorofa ya Madrid.

Harare nayo ina mlango wake. Itifaki ya Banjul ya ARIPO, shirika la kikanda la mali za ubunifu lenye makao huko, inakuruhusu kuomba mara moja na kutaja nchi kadhaa za Afrika, na Tanzania na Uganda ni wanachama. Kenya ni mwanachama wa ARIPO lakini si wa Banjul. Kwa mtu wa Dar anayetaka Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na Botswana kwa pamoja, ni njia nzuri na inalipiwa kwa dola mara moja. Tahadhari yake ni kwamba baadhi ya nchi zilitia saini bila kuiingiza itifaki hiyo sawasawa katika sheria zao za ndani, Tanzania na Uganda zikiwa miongoni mwa zinazotajwa. Kwa sababu hiyo mawakili wengi hushauri nchi hizo mbili uziendee moja kwa moja. Nakubaliana nao. Alama unayotarajia kuipigania mahakamani Kampala isajili Kampala. Ujiandae tu kwamba Uganda na Kenya zina bei mbili, ya mwenyeji kwa shilingi na ya mgeni kwa dola, na Mtanzania huko ni mgeni pamoja na hotuba zote za udugu.

Kongo ni safari peke yake. Haimo Madrid, haimo ARIPO, wala haimo katika umoja wa nchi zinazotumia Kifaransa, OAPI, wenye wanachama 17. Unaomba Kinshasa, kwa Kifaransa, kupitia wakala wa huko. Ukizingatia mzigo unaotoka Kariakoo kwenda Lubumbashi na Bukavu, kwa wengi Kinshasa inastahili kuja kabla ya London.

Marekani na Ulaya

Tukirudi kwa yule mama wa sabuni ya mwani, mteja wake ni mtalii aliyerudi Hamburg, au Mtanzania wa Reading au Houston anayeagiza katoni moja. Hapa forodha haimtishi sana. Kinachomtisha ni duka la mtandaoni kumfungia ukurasa kwa sababu mwingine ana cheti.

Marekani humlazimisha mwombaji wa nje, tangu Agosti 2019, kuwa na wakili mwenye leseni ya huko. Dola 350 ni ada ya kundi moja kwa maombi yaliyojazwa vizuri. Ukikosa taarifa wanayoihitaji ni dola 100 zaidi, na ukiandika maelezo ya bidhaa kwa maneno yako badala ya kuchagua katika orodha yao, 200 zaidi kwa kila kundi. Wakili atakutoza dola 500 hadi 1,500. Wengi hawaambiwi njia moja inayotuhusu: mwenye cheti cha nyumbani anaweza kuomba kwa kukitegemea cheti hicho, na akasajiliwa bila kuthibitisha kwanza kwamba anauza Marekani. Anayeomba kwa msingi wa kukusudia tu kuuza hulipa dola 150 za ziada kwa kundi anapoleta uthibitisho wa mauzo. Kwa hiyo cheti cha BRELA kilicholipiwa kwa maelfu kinaokoa dola. Hata hivyo, kati ya mwaka wa tano na wa sita lazima uape kwamba unaitumia alama kule, na ulipe dola 325 kwa kundi. Kama huuzi, alama inafutwa, na ndivyo inavyostahili.

Ulaya kwa euro 850 inakupa nchi 27 kwa mpigo. Kundi la pili ni euro 50, la tatu na kuendelea 150 kila moja. Ukigawa kwa nchi, hakuna bei nzuri kuliko hii duniani kwa mtu wa nje. Kasoro yake ni kwamba mwenye alama inayofanana katika nchi moja tu, tuseme Ureno au Latvia, anaweza kukuangushia yote 27. Aliye nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya anaruhusiwa kuwasilisha maombi mwenyewe, lakini baada ya hapo lazima ateue mwakilishi wa huko. Mtu mwenye mteja mmoja tu Ujerumani afikirie kusajili Ujerumani pekee.

Uingereza, tangu ijitoe Ulaya, inahitaji maombi yake. Kwa Mswahili mwenye ndugu kule ndiyo ofisi rahisi kuliko zote: fomu ni ya Kiingereza cha kawaida, na sharti ni anwani ya ndani ya Uingereza ya kupokelea barua, ambayo si lazima iwe ya wakili. Anwani ya shemeji inatosha, mradi shemeji anafungua barua. Pingamizi likija, muda wa kujibu unahesabiwa tangu ofisi ilipotuma, hata kama bahasha iko juu ya friji.

Dubai na Muscat nitazipita haraka. Oman na Falme za Kiarabu zote zimo Madrid, Oman tangu 2007 na Falme tangu mwisho wa 2021. Kwa Mtanzania anayeomba moja kwa moja Dubai, pamoja na ile ada nene kuna hati ya uwakilishi inayopaswa kupita kwa mthibitishaji, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Falme, na kila meza ina muhuri na bei yake. Kama Dubai ni mahali pa kununulia tu, acha. Kama mzigo wako hubadilishiwa kontena Jebel Ali ukiwa na jina lako, au una duka Deira, lipa.

Gharama ambazo hazimo kwenye karatasi

Ukiomba nukuu ya bei kwa wakala, muulize maswali mawili ambayo hayapendi: akiandikiwa barua ya kukataliwa na ofisi, kuijibu ni kiasi gani? Na pingamizi likija? Bei ya kuwasilisha hushindaniwa na huwa ndogo. Faida ya wakala iko kwenye majibu. Anayekataa kukupa hata kiwango cha kukadiria, nenda kwa mwingine.

Sajili neno kabla ya nembo. Maneno katika herufi za kawaida, bila rangi, hukulinda hata utakapobadilisha mchoro, na Madrid utaokoa faranga 250. Mchoro utausajili ukipata fedha. Na punguza makundi: kila kundi katika nchi nyingi ni ada nyingine kamili, na nimeona biashara ya fulana moja ikilipia makundi matano kwa sababu wakala alisema "kwa usalama".

Msambazaji wako wa Dubai au Goma atajitolea kukusajilia kwa gharama zake. Akisajili kwa jina la kampuni yako, mshukuru. Akisajili kwa jina lake, siku mtakapogombana bei atakuwa na haki ya kukuzuia usiuze kwa mwingine. Mkataba wa Paris una kifungu dhidi ya wakala wa namna hiyo, lakini kukitumia ni kesi, kwa lugha ya kigeni, mbele ya hakimu wa mbali. Weka sentensi moja kwenye mkataba wa usambazaji: alama ni ya fulani, na msambazaji hataiomba popote kwa jina lake.

Halafu muda. Tanzania Bara na Uganda cheti cha kwanza ni miaka saba, kisha kumi kumi. Kenya, Rwanda, China, Ulaya na Marekani ni kumi tangu mwanzo. Ile saba ndiyo inayowaponyoka watu, kwa kuwa kila wanachosoma mtandaoni kinasema kumi. China, usipoitumia alama miaka mitatu mfululizo, yeyote anaweza kuomba ifutwe, kwa hiyo tunza ankara za kiwanda zenye jina la alama yako. Kuhuisha Ulaya hugharimu euro 850 zilezile, na Marekani katika mwaka wa kumi ni dola 650 kwa kundi ukijumlisha kiapo cha matumizi. Mwenye nchi sita aingize tarehe hizi kwenye simu ya mtu zaidi ya mmoja.

Wiki chache baada ya alama yako kutangazwa utaanza kupokea barua. Zina nembo ya tai au nyota, namba yako sahihi ya maombi, picha ya alama yako, na ankara ya dola elfu moja au mbili kwa ajili ya "uandikishaji wa kimataifa" katika kitabu kisicho na nguvu yoyote ya kisheria. Taarifa hizo zote wamezitoa kwenye tangazo la wazi. WIPO, ofisi ya Ulaya na ile ya Marekani zote zimetoa maonyo kuhusu ankara hizi, na mbili za mwanzo zimechapisha sampuli unazoweza kulinganisha na ya kwako. Ukiwa na wakala, madai halali hupitia kwake, kwa hiyo barua iliyomruka na kukujia moja kwa moja ipige picha umtumie kabla hujafika benki.